Kuliendea Jua

Waheshimiwa wenyeji wetu, walimu, wanafunzi, na ndugu zangu wote mlioitikia mwaliko huu, salaam.

Nimepewa nafasi ya kuzungumza juu ya Jua, na jambo ninalotaka kulisimamia mbele yenu ni hili: kulitazama Jua hakujawahi kutosha. Kwa karne nyingi binadamu amelisoma kupitia mwanga wake, na mwanga huo umetufundisha mengi mno, nami sitaudharau. Lakini Jua halitoi mwanga tu. Linamwaga maada mchana na usiku, na maada hiyo huondoka ikiwa imebeba sumaku ndani yake. Hakuna darubini iliyosimama juu ya ardhi inayoweza kukuambia vitu hivyo viko vipi hasa. Ili vijulikane, ilibidi tutume kitu kikaviguse.

Nianze na huo mwanga, maana ndio ulioibua tatizo.

Mwaka 1868 wanasayansi waliuchambua mwanga wa pembezoni mwa Jua, wakaona mstari wa njano usiolingana na elementi yoyote waliyoijua. Ndiyo heliamu. Ilipita miaka 27 kabla gesi hiyo haijapatikana hapa duniani. Hebu lifikirieni hilo: tuliigundua kwenye nyota kabla ya kuigundua kwenye sayari tunayoikanyaga. Mwaka uliofuata, 1869, Jua lilipopatwa, mstari mwingine ukaonekana, wa kijani safari hii. Ulitoka katika korona, ule utando mweupe unaolizunguka Jua ambao macho huuona pale tu Mwezi unapolifunika kabisa. Watu wakasema na hii ni elementi mpya. Wakaisaka miaka sabini bila kuipata.

Haikuwapo. Mapema katika miaka ya 1940, Bengt Edlén wa Sweden, akiendeleza wazo la Mjerumani Walter Grotrian, alionyesha kwamba mstari ule unatoka kwenye chuma, chuma hiki hiki tunachokijua, isipokuwa kimepokonywa elektroni 13 kati ya 26 zake. Na chuma hakipokonywi elektroni nyingi hivyo mpaka joto lipite nyuzi milioni moja.

Hapo pana jambo la kushangaza kweli. Uso wa Jua una nyuzi 5,500 hivi za Selsiasi. Nishati yote inatoka chini yake, kiinini. Korona iko juu ya uso huo, mbali zaidi na kiini, na bado joto lake ni mamia ya mara zaidi. Kitu gani kinaipasha? Swali hilo limeshafikisha miaka themanini, na ndilo lililobeba safari nyingi nitakazozitaja leo.

Mwaka 1958, katika Chuo Kikuu cha Chicago, kijana mmoja anayeitwa Eugene Parker alilichukua joto hilo kama lilivyo, akajiuliza: ikiwa korona ina moto kiasi hicho, je, mvutano wa Jua unaweza kuishikilia isiondoke? Hesabu zikamjibu kwamba hauwezi. Gesi hiyo lazima itoroke, na inavyozidi kwenda mbali inazidi kupata kasi, hata ikawa upepo unaovuma pande zote na kuzipita sayari zote. Akauita upepo wa Jua.

Makala yake ilipofika kwenye jarida, wahakiki wawili waliikataa. Mmoja alishauri mwandishi aende maktaba kwanza akasome. Mhariri alikuwa Subrahmanyan Chandrasekhar, mwanafizikia mkubwa ambaye miaka mingi baadaye alipewa Tuzo ya Nobel, na yeye mwenyewe wazo lile halikumwingia akilini. Lakini alizipitia hesabu asione kosa. Basi akaichapisha. Mimi namheshimu sana kwa uamuzi ule. Kuliruhusu wazo usilolipenda, kwa sababu tu hukuweza kuonyesha lilipokosea, si jambo dogo kwa mtu mwenye mamlaka.

Sasa angalieni ubishi ule uliishaje. Haukuishia kwenye darubini. Mwaka 1959 chombo cha Kisovieti, Luna 1, kilipata dalili za kwanza za chembe za upepo huo angani. Mwaka 1962 chombo cha Marekani, Mariner 2, kikiwa njiani kuelekea Zuhura, kilipima zaidi ya miezi mitatu mfululizo na kuukuta upepo ukivuma bila kukoma, kwa kasi ya kilomita mia kadhaa kila sekunde. Upepo huo unatupita hapa sasa hivi. Ulikuwa ukitupita tangu Dunia iumbike. Hakuna jicho lililokuwa limeuona, kwa sababu ni mwembamba mno. Ilibidi chombo kiingizwe ndani yake.

Basi kwa nini hatukwenda mara moja hadi kwenye korona yenyewe, tukamalize kazi? Vyombo viwili vya Ujerumani na Marekani, Helios 1 na Helios 2, vilijaribu kusogea katika miaka ya 1970, na Helios 2 kilifika kilomita milioni 43 kutoka kwenye Jua mwaka 1976. Hapo ndipo binadamu alipokomea kwa zaidi ya miaka arobaini.

Wengi hudhani kikwazo ni moto. Moto ni kikwazo cha pili. Cha kwanza ni mwendo, na naomba mnivumilie nikieleze polepole, kwa sababu ndicho kinachosahaulika kila mara.

Dunia inalizunguka Jua kwa kasi ya kilomita 30 kwa sekunde. Mwendo huo ndio unaotuzuia tusiliangukie. Chochote tunachokirusha kutoka hapa kinaondoka nao mwilini. Ukikitoa chombo nje ya mvutano wa Dunia na kukiachia, hakitashuka kwenye Jua hata kidogo. Kitalizunguka pamoja nasi, mwaka hadi mwaka. Ili kishuke lazima kipokonywe sehemu kubwa ya kasi hiyo, na angani hakuna hewa ya kukizuia wala ardhi ya kufungia breki. Kupunguza kunataka mafuta kama kuongeza. NASA husema kwamba kufika kwenye Jua kunahitaji nishati ya urushaji mara 55 ya ile ya kufika Mirihi. Yaani nyota iliyo mlangoni petu, tunayoiona kila siku, ni ngumu kuifikia kuliko sayari nyekundu iliyo gizani.

Chombo cha Parker Solar Probe kiliondoka Cape Canaveral tarehe 12 Agosti 2018. Kilipewa jina la Eugene Parker akiwa hai, jambo ambalo NASA haikuwa imelifanya kwa mtu yeyote kabla yake, naye alikuwapo, na miaka yake 91, akikitazama kikipaa. Chombo hakikufika hata tani moja, lakini kilipandishwa juu ya Delta IV Heavy, mojawapo ya roketi zenye nguvu kuliko zote za wakati huo. Hata hivyo roketi ile haikutosha. Kazi iliyobaki aliachiwa Zuhura. Mara saba chombo kilipita karibu na sayari hiyo, na kila kilipopita, mvutano wake ulikipunguzia kasi kidogo, njia yake ikasogea ndani zaidi. Mara ya mwisho ilikuwa tarehe 6 Novemba 2024. Miaka sita ya kushuka!

Sasa tuje kwenye moto. Mtu anauliza, na ana haki ya kuuliza: chombo kinaingiaje mahali penye nyuzi milioni moja kisiyeyuke? Jibu ni kwamba ukali wa joto na wingi wa joto ni vitu viwili. Fundi anayenoa chuma hurukiwa na cheche zenye mamia ya nyuzi asijali, ila akimwagikiwa na kikombe cha maji ya nyuzi 100 atabambuka ngozi, kwa sababu cheche ni kali lakini ni kidogo. Korona ni hivyo. Chembe zake zina kasi ya ajabu, lakini ni chache mno, zimetawanyika, na hazina wingi wa kukiunguza chombo. Kinachounguza ni mwanga wa uso wa Jua. Kule kilikofika chombo cha Parker Solar Probe, mwanga huo ni mkali takriban mara 475 kuliko unaotufikia hapa.

Kinachosimama kati ya mwanga huo na vifaa ni ngao yenye unene wa sentimita 11.4 tu. Ni povu la kaboni lililobanwa katikati ya mabamba mawili ya kaboni, na upande wa mbele umepakwa rangi nyeupe ya kauri ili urudishe mwanga. Imejengwa kustahimili hadi nyuzi 1,400 hivi, na nyuma yake vifaa vinakaa penye joto la chumbani, nyuzi 30 hivi. Paneli za umeme, ambazo lazima zichungulie nje kidogo ili zipate mwanga, hukunjwa zikaingia kivulini, na ncha zinazobaki hupozwa kwa maji yanayozungushwa ndani ya mabomba. Ndiyo, maji ya kawaida, yakiwa yamekandamizwa ili yasichemke.

Kinachonigusa zaidi ni kwamba chombo hiki kiko peke yake kabisa. Ishara ya redio huchukua dakika nane hivi kutoka huko hadi kwetu, na nane nyingine kwa jibu letu kurudi. Kikiyumba kidogo, kifaa kikatoka nje ya kivuli, hakuna muda wa kuomba ushauri. Kwa hiyo kimewekewa vihisi kwenye ukingo wa kivuli. Mwanga ukivigusa, chombo kinajinyoosha chenyewe. Tarehe 24 Desemba 2024 kilipita kilomita milioni 6.1 kutoka kwenye uso wa Jua, kikikimbia kilomita 692,000 kwa saa, kasi ambayo hakuna kitu kilichotengenezwa na binadamu kimewahi kuifikia. Siku hizo kilikuwa kimya. Watu waliokijenga hawakuwa na la kufanya ila kungoja. Usiku wa tarehe 26 ishara fupi ilifika: kizima.

Na kilikwishaleta nini? Nitataja mawili tu, kwa sababu ndiyo yanayonishughulisha.

La kwanza ni la tarehe 28 Aprili 2021. Kuna mpaka kulizunguka Jua, uliopewa jina la mwanafizikia Hannes Alfvén. Ndani ya mpaka huo sumaku ya Jua bado ina nguvu ya kuishika gesi. Nje yake gesi imekwisha kuponyoka na haiwezi tena kurudi. Hapo ndipo korona inapoishia na upepo unapoanza. Siku hiyo chombo kiliuvuka mpaka huo kwa mara ya kwanza, kikatoka, kikaingia tena, mara kadhaa. Maana yake mpaka wenyewe si mviringo laini kama wengi walivyouchora. Una vilima na mabonde. Matokeo yalitangazwa Desemba 2021. Parker alifariki Machi 2022. Aliishi kuona chombo chenye jina lake kikiingia mahali ambapo upepo alioukokotoa kwa kalamu unazaliwa.

La pili ni mikunjo. Mistari ya sumaku inayobebwa na upepo wa Jua ilitarajiwa kunyooka kwenda nje. Karibu na Jua chombo kimekuta inajikunja ghafla, inageuka kurudi kuelekea kwenye Jua, kisha inanyooka tena, tena na tena, kwa maelfu. Mikunjo kama hiyo ilikwisha kuonekana hapa na pale, lakini hakuna aliyetarajia iwe mingi hivyo. Inabeba nishati. Je, ndiyo inayoipasha korona, au ni masalia ya kitu kingine kinachoipasha huko chini? Wataalamu bado wanabishana, na Parker mwenyewe aliacha wazo lake la mwaka 1988: kwamba korona inapashwa na milipuko midogo midogo isiyohesabika, mistari ya sumaku inaposokotana, ikakatika na kujiunga upya. Mwaka 2020 chombo cha Ulaya na Marekani, Solar Orbiter, kilipiga picha zake za kwanza na kuonyesha viwako vidogo vimetapakaa uso mzima wa Jua. Huenda ni ndugu wakubwa wa milipuko hiyo. Mimi naona jibu litakuwa mchanganyiko, lakini hilo ni oni langu, halijathibitishwa.

Mtauliza, haya yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu sana.

Mara kwa mara Jua hutupa wingu zima la gesi na sumaku, mabilioni ya tani, kuelekea upande mmoja. Likitufikia, sumaku ya Dunia hutikisika na kusukuma umeme ndani ya nyaya ndefu. Septemba 1859 mitambo ya telegrafu ilitoa cheche, na iliyokatwa kwenye betri zake ikaendelea kutuma ujumbe kwa umeme uliotoka angani. Tarehe 13 Machi 1989 jimbo la Quebec, Kanada, lilizimika, watu milioni sita bila umeme kwa saa tisa. Februari 2022 dhoruba ambayo haikuwa kubwa hata kidogo ililivimbisha anga la juu, na setilaiti zipatazo 40 kati ya 49 zilizokuwa zimetoka kurushwa zikaburuzwa chini na kupotea. Mei 2024 ilikuja dhoruba kali kuliko zote kwa takriban miaka ishirini.

Hapa ndipo hoja yangu inapokaza. Wingu likiondoka kwenye Jua tunaliona, kwa mwanga. Tunakadiria kasi yake na saa ya kufika. Lakini madhara yake yanategemea kitu kimoja ambacho picha haikionyeshi vizuri: sumaku iliyo ndani yake imeelekea wapi. Ikielekea kaskazini kama ya Dunia, wingu linaweza kutupita bila kishindo. Ikielekea kusini, inafungua mlango, nishati inamiminika ndani. Na hilo hatulijui kwa hakika mpaka wingu ligonge chombo. Vyombo hivyo vipo, vimewekwa kilomita milioni 1.5 kutoka hapa kuelekea Jua, mahali ambapo mvutano wa Jua na wa Dunia unasawazishana kiasi kwamba chombo kinaweza kukaa mbele yetu mwaka mzima kwa mafuta kidogo. Wingu likivigonga, tunapata onyo la dakika 15 hadi saa moja. Ndilo onyo lote tulilonalo la kuaminika. Ni kidogo mno, na mimi sioni kwa nini dunia nzima iridhike nalo.

Pale pale ndipo ilipo SOHO, chombo cha Ulaya na Marekani cha kulitazama Jua, ambayo lazima niiseme. Ilirushwa Desemba 1995 kwa kazi ya miaka miwili. Juni 1998, kwa mfuatano wa makosa ya uendeshaji, ilipoteza mwelekeo, ikaanza kujizungusha, umeme ukaisha, ikanyamaza. Mwezi uliofuata darubini kubwa ya redio ya Arecibo iliirushia mawimbi, na antena ya Goldstone, California, ikanasa mwangwi: ipo, inazunguka taratibu. Mafuta yake yalikuwa yameganda. Wahandisi waliyayeyusha hatua kwa hatua, kwa umeme mchache uliokuwa ukirudi, na kufikia Septemba iligeuzwa tena kulitazama Jua. Kisha jairoskopu zake, vifaa vinavyoiwezesha kujua inavyogeuka, zikafa zote kabla ya mwaka kwisha. Wakaiandikia programu mpya ya kuishi bila hizo. Imeendelea kufanya kazi kwa miongo tangu hapo. Nikiulizwa ni mafanikio gani ya uhandisi wa anga ninayoyastahi zaidi, nataja hayo kabla ya roketi yoyote.

Zimebaki ncha za Jua, ya kaskazini na ya kusini. Dunia na karibu vyombo vyote vinalizunguka Jua usawa wa ikweta yake, kwa hiyo ncha zake tumekuwa tukiziona kwa pembeni tu, kwa shida. Ilhali sumaku ya nchani ndiyo inayotumika kubashiri ukubwa wa mzunguko unaofuata wa madoa meusi ya usoni mwa Jua, ambayo huongezeka na kupungua kwa mzunguko wa miaka kumi na mmoja hivi. Chombo cha Ulysses, kilichorushwa Oktoba 1990, kilikwenda kwanza hadi Mshtarii kuomba mvutano wake ukirushe juu ya usawa huo, kisha kikapita juu ya ncha zote mbili, mwaka 1994 na 1995. Kilikuta upepo wa huko unavuma kilomita 750 kwa sekunde, karibu mara mbili ya ule wa ikweta. Lakini Ulysses haikuwa na kamera. Iligusa bila kuona.

Solar Orbiter imekuja na vyote viwili. Ina darubini za kutazama, na ina vifaa vya kuonja upepo unapoipita, ili kile kilichoonekana kikiondoka kwenye Jua kiweze kupimwa kikifika. Februari 2025 ilipita karibu na Zuhura, njia yake ikainama nyuzi 17, na Machi ikapiga picha za ncha ya kusini ambazo hakuna aliyewahi kuziona kwa namna ile. Sumaku ya hapo ilikuwa imevurugika, kaskazini na kusini zimechanganyikana mahali pamoja, kwa sababu Jua lilikuwa kileleni mwa mzunguko wake na ncha zilikuwa zinabadilishana. Njia hiyo imepangwa kuinama hadi nyuzi 24 mwishoni mwa 2026, na 33 mwaka 2029, wakati madoa yakiwa yamepungua na ncha zimetulia. Wakati huo huo Parker Solar Probe inalirudia Jua kila baada ya siku 88, umbali ule ule, huku Jua lenyewe likibadilika chini yake.

Neno langu la mwisho ni kwa wanafunzi. Takwimu za vyombo hivi hazifungiwi. Picha za SOHO zimekuwa wazi kwa yeyote mwenye intaneti, na ndani yake zimepatikana nyota-mkia zaidi ya 5,000. Wengi wa waliozipata si waajiriwa wa shirika lolote la anga, ni watu waliokaa wakapitia picha moja baada ya nyingine. Vipimo vya Parker Solar Probe na Solar Orbiter navyo vinawekwa wazi baada ya kuhakikiwa. Ile mikunjo ya sumaku niliyoieleza, mnaweza kuipakua na kuichora wenyewe kwa programu za bure. Ni mingi mno kwa watafiti waliopo, na wengi wao watakaribisha barua yenu.

Asanteni sana. Sasa nangoja maswali.